Msuli kupimwa kwa mwanga bila kisu: Je, ngozi yetu imo kwenye hesabu?

Mwambie mtoto wa miaka 4 aliyeketi sakafuni asimame, kisha umtazame kwa makini. Mwenye misuli mizima huinuka kwa mkupuo mmoja, na kabla hujamaliza kumtazama ameshakimbilia anakotaka. Mwenye ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne huanza kwa kujigeuza kifudifudi. Huweka viganja chini, hunyoosha magoti, makalio yakatangulia juu. Halafu huhamisha mkono mmoja hadi kwenye goti, wa pili hadi kwenye paja, na kwa kujisukuma hivyo, mkono baada ya mkono, kiwiliwili hatimaye husimama wima.

Daktari Mwingereza William Gowers aliieleza namna hiyo ya kuinuka mwaka 1879, na hadi leo wanafunzi wa udaktari duniani kote hufundishwa kuitambua kwa jina lake, ishara ya Gowers. Nyumbani, hata hivyo, ishara hiyo hupita bila kushtukiwa. Mzazi huona mtoto anayeanguka mara kwa mara, anayechelewa kupanda ngazi, anayeachwa nyuma na wenzake wakikimbizana. Huambiwa kwamba mtoto ni mvivu, au kwamba kila mtoto hukua kwa wakati wake. Tena vigimbi vya mtoto huyo huwa vimejaa na vigumu, na ndugu wakimtembelea humsifu kwamba atakuwa mchezaji mpira. Kumbe vigimbi vile vimejazwa na mafuta na kovu mahali palipopaswa kuwa na nyama.

Makala haya yanahusu juhudi za kuliona jambo hilo mapema kwa kutumia mwanga, bila kumchana mtoto wala kumlaza kwa dawa. Ni juhudi zenye matumaini ya kweli, nami nazitakia mafanikio. Lakini ndani yake limo swali ambalo sisi wenye ngozi nyeusi ndio wa kwanza kupaswa kuliuliza, na wakati wa kuliuliza ni sasa, vifaa vikiwa bado mikononi mwa watafiti.

Kinachotokea ndani ya msuli

Ugonjwa huu umepewa jina la Guillaume Duchenne, daktari Mfaransa wa karne ya 19. Humpata takriban mvulana mmoja kati ya kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Chanzo ni hitilafu katika jeni iliyoko kwenye kromosomu X, mojawapo ya jeni ndefu zaidi za binadamu, yenye herufi za kijenetiki zaidi ya milioni 2. Msichana ana kromosomu X mbili, na kwa kawaida ile nzima humkinga. Mvulana anayo moja tu, aliyoipata kwa mama yake, na ikiwa na hitilafu hana ya akiba. Hapa lazima lisemwe jambo moja kwa sauti, maana katika familia nyingi lawama humwangukia mama: kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa, hitilafu imezuka upya kwa mtoto mwenyewe na mama hana kabisa. Hata mama aliye nayo hakuitafuta wala hakuijua.

Mwaka 1987, Eric Hoffman, Louis Kunkel na wenzao huko Boston, Marekani, waliitambua protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni hiyo wakaiita distrofini. Kazi yake ni kuushikilia utando wa nje wa seli ya msuli kwenye viunzi vilivyo ndani ya seli, ili msuli unapojikunja na kunyooka utando usichanike. Palipokosekana distrofini, kila hatua ya mtoto huacha michaniko midogo. Kalsiamu huingia ndani ya seli kupita kiasi, seli hufa, na mwili hukimbilia kukarabati. Ukarabati huo huendelea miaka kadhaa hadi uwezo wake unapoisha. Nafasi ya nyama huchukuliwa na mafuta pamoja na kolajeni, nyuzi zilezile zinazotengeneza kovu. Wengi huacha kutembea wakikaribia miaka 12. Baadaye ugonjwa hufika kwenye misuli ya kupumulia na kwenye moyo.

Tiba ya kuumaliza bado haijapatikana, lakini zipo dawa za kuuchelewesha. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya bei nafuu ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huwaongezea watoto wengi muda wa kutembea kwa miguu yao. Mazoezi ya viungo huchelewesha kukakamaa. Moyo ukifuatiliwa mapema, hutibiwa mapema. Ndiyo maana kuchelewa kuutambua ugonjwa huu kuna gharama inayolipwa na mtoto. Na kuchelewa kupo hata kwenye nchi tajiri: utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 uliona kwamba mtoto wa wastani alitambuliwa akikaribia miaka 5, miaka miwili na nusu baada ya dalili za kwanza kuonwa na familia.

Kutoka sindano hadi nusukaputi

Kwa zaidi ya karne moja, njia ya kuujua msuli ilikuwa kuukata. Duchenne mwenyewe, katika miaka ya 1860, alibuni sindano ya kunyofoa kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa aliye hai ili akitazame kwa hadubini. Baada yake madaktari waliendelea kuchukua kinyama kwa sindano nene au kwa kisu. Kinyama hicho hueleza mengi: seli zilizokufa, mafuta, kovu, distrofini ipo au haipo. Lakini kinaeleza habari za sehemu moja tu ya msuli mmoja, kwa siku moja. Ukitaka kujua mwaka ujao mambo yamekwendaje, umchane mtoto tena.

Mtoto mdogo hatulii akichanwa. Mara nyingi hulazwa kwa nusukaputi, na hapo Duchenne huleta hatari yake ya pekee. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoni, pamoja na baadhi ya gesi za nusukaputi, inaweza kuzivunjavunja seli za msuli usio na distrofini. Potasiamu humwagika kwenye damu na moyo unaweza kusimama palepale mezani. Daktari wa nusukaputi akiujua ugonjwa kabla, hutumia dawa nyingine. Tatizo ni kwamba mtoto anayefanyiwa uchunguzi bado hajajulikana ana nini.

Siku hizi kisu kimepungua. Kipimo cha damu cha kreatini kinase huonyesha kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyochanika, na kwa mtoto mwenye Duchenne kiwango chake huwa mara 10 hadi 100 ya kawaida. Kisha kipimo cha jeni huthibitisha. Hapa ipo tahadhari kwa kila mhudumu wa afya: vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini, AST na ALT, hutoka pia kwenye misuli. Mtoto anaweza kuzungushwa miezi mingi akitafutiwa ugonjwa wa ini, ilhali shida iko miguuni.

Kipimo cha jeni hutaja ugonjwa, lakini hakisemi msuli wa leo uko katika hali gani, wala dawa iliyoanzwa mwaka jana inasaidia au la. Hilo ndilo pengo ambalo picha inatakiwa kuliziba. Majaribio mengi ya dawa za Duchenne yamepima mafanikio kwa umbali ambao mtoto anatembea kwa dakika 6. Mtoto akiamka na hasira, akiwa na mafua, au akichoshwa na safari ya kwenda hospitali, umbali hupungua na dawa hulaumiwa. Asiyeweza tena kutembea hapimiki kabisa kwa njia hiyo. Wakati huohuo tiba zinazopimwa ni za gharama ya kutisha. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 3.2 kwa mgonjwa mmoja, na mwaka 2025 vifo vya wagonjwa walioharibikiwa na ini viliibua maswali mazito kuhusu usalama wake. Tiba ya uzito huo haiwezi kuachwa ihukumiwe kwa mwendo wa dakika 6 peke yake.

MRI huonyesha mafuta ndani ya misuli kwa ubora mkubwa, lakini humtaka mtoto alale bila kutikisika ndani ya mashine yenye kelele, na wadogo huishia tena kwenye dawa za usingizi. Picha ya ultrasaundi ni rahisi zaidi. Mwaka 1980 John Heckmatt na Victor Dubowitz, wa hospitali ya Hammersmith jijini London, walionyesha kwamba msuli mgonjwa hurudisha mwangwi mkali na kuonekana mweupe kwenye skrini. Weupe huo, hata hivyo, hausemi kama kilichomo ni mafuta au kovu. Kwa hiyo watafiti waligeukia mwanga, ambao kila dutu ya mwilini huumeza kwa namna yake.

Mwanga unapopenya nyama

Usiku, zima taa chumbani, washa tochi ya simu na uifunike kwa ncha ya kidole. Kidole kitawaka wekundu. Damu imemeza bluu na kijani, wekundu ukapenya na kutawanyika ndani ya nyama. Ng'ambo ya wekundu huo kuna mwanga ambao jicho halioni, infraredi ya karibu, ambao hupenya zaidi kwa sababu damu haiumezi sana na maji nayo hayajaanza kuumeza kwa nguvu. Wataalamu huuita ukanda huo dirisha la mwili, na kwa hesabu zao uko kati ya nanomita 650 na 950 hivi.

Mwaka 1977 Frans Jöbsis, wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, alichapisha ushahidi kwamba kupitia dirisha hilo mtu anaweza kufuatilia oksijeni ndani ya mwili bila kuufungua. Haimoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitua humeza mwanga kwa namna tofauti, na tofauti hiyo hupimika kutoka nje ya ngozi.

Magonjwa ya misuli yalinufaika mapema. Mwaka 1994 William Bank na Britton Chance, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliweka vyanzo vya mwanga na vipokezi juu ya misuli ya wagonjwa, kisha wakawafanyisha mazoezi. Mtu mwenye afya akianza kazi, msuli wake hula oksijeni na kiwango hushuka. Kwa wagonjwa ambao misuli yao ina hitilafu katika kuchoma nishati, mambo yalikwenda kinyume: damu ilikuja na oksijeni, msuli ukashindwa kuitumia, na kiwango kikapanda. Kifaa cha aina hiyo ni kidogo, hufungwa mguuni kwa mkanda, na hakina gharama ya kuleta hofu. Kinachokosekana kwake ni picha. Ndani ya nyama mwanga hutawanyika kila upande, na baada ya sentimita moja hivi haujulikani tena umetoka wapi hasa.

Leza inapogeuka sauti

Njia ya kupata picha ilitokana na ugunduzi wa zamani. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell, akifanya kazi na Charles Sumner Tainter mjini Washington, aligundua kwamba mwanga wa jua ukikatwakatwa kwa kasi na kuelekezwa kwenye kitu kigumu, kitu hicho hutoa sauti. Sababu yake ni ileile ya radi na ngurumo. Radi hupasha hewa joto ghafla, hewa hutanuka kwa nguvu, na mtanuko huo ndio ngurumo tunayoisikia. Ndani ya msuli, mpigo wa leza wa nanosekunde chache humezwa na damu au kolajeni, joto hupanda kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi moja, na dutu hiyo hutanuka na kutoa wimbi la sauti lisilosikika kwa sikio la binadamu. Sauti haitawanyiki ovyo mwilini kama mwanga, kwa hiyo vipokezi vya ultrasaundi vinaweza kuonyesha mahali hasa ilikotoka.

Mbinu hiyo huitwa picha ya optoakustiki. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, wakiwemo Adrian Regensburger na Ferdinand Knieling, walichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo yaliyofungua ukurasa mpya. Walianza na nguruwe wachanga waliobadilishwa jeni ili wawe na Duchenne, kisha wakawapima wavulana 10 wenye ugonjwa huo na wengine 10 wenye afya.

Upimaji wenyewe ni mwepesi kwa mtoto. Wote chumbani huvaa miwani ya kukinga macho dhidi ya leza, mtoto akiwemo. Paja au mkono hupakwa jeli ya baridi, kisha kifaa cha kushikwa mkononi, kinachofanana na kile cha kupimia mama mjamzito, huwekwa juu ya ngozi. Leza hupiga mara nyingi kwa sekunde, ikibadili mawimbi kati ya nanomita 680 na 1,100. Hakuna sindano wala dawa ya usingizi, na baada ya dakika chache mtoto hufutwa jeli na kushuka kitandani. Kwenye skrini huonekana tabaka za ngozi, mafuta na msuli hadi kina cha sentimita mbili au tatu, na kwa kila nukta kompyuta hukadiria kuna damu kiasi gani na kolajeni kiasi gani.

Jibu la Erlangen lilikuwa kwamba kolajeni inaonekana. Misuli ya wavulana wagonjwa ilitoa ishara ya kolajeni yenye nguvu kuliko ya wenzao wenye afya, na ukubwa wa ishara ulikwenda sambamba na vipimo vya uwezo wa mtoto kutumia mwili wake. Kovu linalomnyang'anya mtoto miguu likapata kipimo kisichotegemea kama ameamka na furaha au na hasira. Baadaye kundi hilohilo liliwapima watoto wenye atrofia ya misuli ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao shida yake huanzia kwenye mishipa ya fahamu na kuuacha msuli ukinyauka. Hao walionyesha sura nyingine: kwenye nanomita 800, ambapo ishara hutokana zaidi na damu, misuli yao ilitoa ishara dhaifu kuliko ya watoto wenye afya.

Teknolojia hii haiko mbali na wodi kama wengine wanavyodhani. Januari 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa cha optoakustiki cha kusaidia kuchunguza uvimbe wa matiti. Kwa misuli bado ni utafiti, na wagonjwa waliopimwa ni wachache. Uchache huo ndio unaotupa nafasi ya kusema.

Funzo la kifaa cha kidoleni

Kabla mwanga haujaufikia msuli, lazima upite kwenye ngozi, na ngozi nyeusi ina melanini nyingi. Melanini humeza mwanga. Hiyo ndiyo kazi iliyotukinga na jua la ikweta tangu mababu, na hakuna haja ya kuionea aibu. Lakini mashine iliyozoezwa kwenye ngozi nyeupe haijui kazi hiyo.

Tulikwisha kuonywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi alibuni oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni ambacho hupima oksijeni kwa mwanga wa rangi mbili, mwekundu na wa infraredi. Kimeokoa maisha yasiyohesabika. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin walichapisha utafiti uliofanyika Marekani ukionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho hukosea zaidi. Onyo lilibaki kwenye kurasa za jarida kwa miaka 30. Kisha ikaja korona, na Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walirudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa wao. Walitazama wale ambao oksimita ilisema wako salama, kati ya asilimia 92 na 96. Damu ilipopimwa moja kwa moja, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilionyesha oksijeni iliyo chini ya asilimia 88, yaani hatari. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6.

Ina maana kwamba mgonjwa mweusi aliweza kuwa anakosa hewa huku skrini ikimwambia muuguzi asiwe na wasiwasi. Januari 2025, zaidi ya nusu karne baada ya ubunifu wa Aoyagi, FDA ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka majaribio ya oksimita yahusishe watu wengi zaidi wenye ngozi za rangi mbalimbali. Ni hatua njema, na imechelewa mno.

Sasa lirudishe funzo hilo kwenye msuli wa mtoto. Katika picha ya optoakustiki, melanini huathiri kwa njia mbili. Kwanza huuzuia mwanga, kiasi kidogo tu kikafika chini. Pili, yenyewe hupata joto na kutoa sauti kubwa juu ya ngozi, na mwangwi wa sauti hiyo unaweza kuingia kwenye picha ya msuli kana kwamba umetoka humo. Sarah Bohndiek na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha mwaka 2024 kwamba rangi ya ngozi hupotosha makadirio ya oksijeni yanayotolewa na picha za aina hii. Wanaoitengeneza teknolojia hii wanalijua tatizo, na hilo linatia moyo.

Fikiria basi ule ugonjwa wa uti wa mgongo ambao dalili yake kwenye nanomita 800 ni ishara dhaifu. Mtoto wa Tanga au Kisumu mwenye misuli mizima kabisa anaweza kutoa ishara dhaifu kwa sababu tu ngozi yake imeuzuia mwanga. Mashine yenye viwango vya kawaida vilivyopatikana kwa watoto wa Erlangen itamwona mgonjwa. Mwingine aliyeanza dawa anaweza kupimwa mara ya kwanza mwisho wa likizo akiwa ameungua jua, na mara ya pili ngozi ikiwa imepungua weusi, ishara ikapanda na dawa ikapewa sifa isiyo yake.

Kolajeni ina bahati kidogo. Alama yake hutafutwa kwenye mawimbi marefu, karibu na nanomita 1,000 na zaidi, na huko nguvu ya melanini ya kumeza mwanga hupungua sana. Kwa kanuni inayotumiwa na wanafizikia wengi wa mwanga wa mwili, melanini kwenye nanomita 1,000 humeza takriban theluthi moja ya kile inachokimeza kwenye nanomita 700. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kipimo cha kovu kitawafaa watoto wetu vizuri kuliko kipimo cha damu. Hilo ni wazo lenye msingi wa kisayansi, na mahali pa kulithibitisha ni penye watoto wenyewe: Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Lubumbashi.

Kifanyike nini

La kwanza halihitaji leza. Ishara ya Gowers haina gharama: ni sakafu safi na mtu anayetazama. Kila kliniki ya mtoto ingeweza kumwomba mvulana wa miaka 3 au 4 anayeanguka ovyo aketi chini kisha ainuke. Akijisukuma kwa mikono, apimwe kreatini kinase. Vimeng'enya vya ini vikiwa juu bila sababu, apimwe pia. Mashine za ultrasaundi zilizoko kwenye hospitali zetu zinaweza kutazama paja kama zinavyotazama mimba, aliyeishika akifundishwa tu nini cha kutafuta. Na mtoto mwenye shaka ya ugonjwa wa misuli asipelekwe chumba cha upasuaji kabla daktari wa nusukaputi hajaambiwa.

La pili ni la vyuo vyetu vikuu na hospitali zetu za rufaa. Utafiti wa optoakustiki unahitaji kile ambacho Erlangen na Cambridge hawanacho kwa wingi, nacho ni watoto wenye ngozi nyeusi, wazima na wagonjwa, ambao vipimo vyao vitaweka viwango vya kawaida vya kweli. Tukiingia kwenye utafiti huo, tuingie kama washirika wanaoandika maswali, wanaotunza takwimu na wanaofundisha wanafunzi wao. Rangi ya ngozi ipimwe kwa kifaa, palepale kwenye paja au mkono unaopigwa leza, kwa kuwa jicho la mpimaji haliaminiki na rangi ya uso si rangi ya paja.

La tatu ni la wazazi na vyama vyao. Familia zenye watoto wagonjwa ndizo zinazojua siku ambayo mtoto alishindwa ngazi kwa mara ya kwanza, na kumbukumbu hizo zina thamani kwenye utafiti wowote. Mzazi akiombwa mtoto wake ashiriki, ana haki ya kuuliza waliopimwa kabla walikuwa nani na wa ngozi gani, na kujibiwa kwa Kiswahili anachokielewa.

La nne ni la mamlaka zinazotoa vibali, TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Kila kifaa kinachopima mwili kwa mwanga, kiwe cha kidoleni au cha misuli, kingepaswa kuja na matokeo ya majaribio kwa watu wenye ngozi kama ya wale watakaopimwa, na muuzaji asiyekuwa nayo arudishwe akayatafute. Sharti hilo linaweza kuandikwa leo, kabla mashine ya kwanza ya optoakustiki ya misuli haijashushwa bandarini. Kwa oksimita tulinyamaza, tukanunua, na wagonjwa wakalipa. Watoto wenye Duchenne hawana miaka 30 ya kutusubiri.